Rubabu jikoni: maswali yanayojirudia kila msimu na majibu yake

Kila rubabu (rhubarb) inapoanza kujaa sokoni huku Uingereza, Ujerumani na nchi za Skandinavia, maswali ni yale yale kutoka kwa wenzetu waliohamia karibuni na hata wale wenye miaka mingi huku ambao wamekuwa wakiipita tu dukani. Nimeyakusanya hapa kwa mafungu. Mimi naipenda sana hii kitu na naona wengi wanaikosea kwa sababu wanaichukulia kama tunda la kula hivi hivi, wakati ukiichukulia kama kitu cha uchachu, ndugu yake ukwaju, mambo yote yananyooka.

## Mambo ya msingi

Rubabu ni nini hasa, tunda au mboga?

Kwa mmea wenyewe ni mboga. Tunachokula ni lile bua refu linaloshika jani, linafanana na seleri ila ni nene zaidi na mara nyingi lina wekundu. Matumizi yake ndio yamekaa kitunda, maana watu wanalipika na sukari. Marekani hili suala lilifika hadi mahakama ya forodha mwaka 1947, ikaamuliwa kwamba kwa ajili ya ushuru ihesabiwe kama tunda kwa kuwa ndivyo watu wanavyoitumia.

Ladha yake ikoje?

Chachu, tena chachu kweli, ina harufu nzuri kama ya tunda lakini utamu wake wenyewe ni kidogo mno. Zaidi ya asilimia 90 ni maji, ndio maana ukiipika inashuka na kujaa rojo haraka. Ukiwahi kula embe bichi na chumvi na pilipili basi ulimi wako tayari unajua uelekeo.

Inapatikana lini, na mbona bei ya Februari ni kubwa hivyo?

Kuna misimu miwili. Ile ya nje, inayoota kwenye mashamba na bustani za watu, inaanza karibu na Aprili hadi Juni. Wajerumani wana desturi ya kuacha kuvuna Juni 24, siku ile ile wanayofunga msimu wa asparagasi, ili mmea upate nguvu ya mwaka ujao.

Ile ya Januari hadi Machi ni nyingine kabisa. Inakuzwa gizani. Sehemu maarufu ni Yorkshire, kwenye eneo la kati ya Wakefield, Morley na Rothwell, mizizi inaachwa shambani kama miaka miwili bila kuvunwa, inapigwa na baridi, halafu inahamishiwa kwenye mabanda yenye joto yasiyo na mwanga. Mmea unatafuta mwanga hauupati, unakimbilia juu kwa kutumia akiba iliyo kwenye mizizi, mabua yanatoka laini, pinki iliyokolea, na majani madogo ya njano. Wavunaji wanafanya kazi kwa mwanga wa mishumaa ili giza lisivunjike. Kwa kazi hiyo bei lazima iwe juu, na tangu 2010 jina la rubabu ya Yorkshire ya gizani linalindwa kisheria Ulaya. Kwa keki ya kupendeza macho nunua hii, kwa jemu na chatne subiri ya Mei utapata nyingi kwa hela ndogo, na jirani mwenye bustani huwa anagawa bure.

Nyekundu ndio imeiva na kijani bado?

Hapana. Rangi inategemea aina na jinsi ilivyokuzwa. Kuna aina inabaki na kijani mpaka mwisho, Victoria kwa mfano ina mchanganyiko, na imeiva vizuri tu. Angalia bua liwe gumu, linang'aa, ukilikunja linavunjika kwa kishindo. Likilegea kama kamba limeshakaa siku nyingi, ingawa ukilitumbukiza kwenye maji baridi saa moja linarudi kidogo.

## Usalama, soma hapa kabla ya yote

Majani yake ni makubwa na mazuri, naweza kuyapika kama mboga ya majani?

HAPANA. Naandika kwa herufi kubwa makusudi. Sisi kwetu jani pana ukiliona unawaza mboga, tumekula majani ya maboga, kisamvu, matembele, majani ya kunde, kwa hiyo mtu akikabidhiwa rubabu yenye majani yake mabichi ni rahisi sana kusema tusitupe hiki chakula. Majani ya rubabu ni sumu. Yana asidi oksaliki nyingi na vitu vingine vinavyodhuru, yanaleta kuungua mdomoni na kooni, kutapika, kuharisha, na ikiwa nyingi yanaharibu figo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia huko Uingereza watu walishauriwa kuyala kufidia upungufu wa mboga, na wakaugua, wengine wakafa.

Kisamvu tunakitwanga na kukichemsha sana ndio kinakuwa salama, lakini huo ujuzi usiuhamishie hapa. Kuchemsha majani ya rubabu na kumwaga maji hakutoshi, na kutia magadi ndio hatari zaidi kwa sababu asidi ile inayeyuka vizuri zaidi. Kata jani lote pamoja na kipande cha juu cha bua pale linapoanzia, tupa. Kwenye mboji unaweza kuyatupa bila shida, yanaoza kama majani mengine. Mbuzi na sungura usiwape. Mtoto au mgeni akishakula, piga simu ya dharura au ya kituo cha sumu cha nchi uliyopo, usisubiri dalili.

Naweza kutumia sufuria zangu za kawaida?

Kama ni zile sufuria za aluminiamu tulizokuja nazo kutoka nyumbani, usitumie. Uchachu wa rubabu unakula aluminiamu, chakula kinatoka na ladha ya chuma na sufuria inabaki inang'aa ndani kama umeisugua na mchanga, ule mng'ao ni tabaka la juu lililotoka na limeingia kwenye chakula chako. Shaba tupu na chuma tupu pia hapana. Tumia stenlesi, sufuria ya enameli isiyobanduka, kioo au udongo uliopakwa glezi. Trei za foili za kutupa nazo zina shida hiyo hiyo, ukioka tandaza karatasi ya kuokea kwanza.

Lazima nimenye?

Ile laini ya msimu wa mwanzo hapana, ukimenya unatupa rangi yote. Ile nene ya Juni ukiona nyuzi zinavutika unapokata, zivute tu kwa kisu kama unavyofanya kwa seleri.

Nani anatakiwa kuwa mwangalifu?

Bua nalo lina asidi oksaliki, ila kwa kiasi ambacho mtu mwenye afya anakula bila shida. Mwenye historia ya mawe ya figo au ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kabla, maana mawe mengi yanatokana na oksaleti, yaani chumvi ya asidi hiyo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye pia, kwa sababu rubabu ina vitamini K na dawa ile inataka kiwango chake kisipande na kushuka ghafla. Wengine wote ni kula kwa kiasi, sio bakuli kubwa kila siku kwa mwezi mzima.

Ule ukavu unaobaki kwenye meno kama umelamba chokaa ni kazi ya hiyo hiyo asidi. Ukiila na kitu cha maziwa kama kastadi, mtindi au krimu inapungua, ndio maana Waingereza hawaitenganishi na kastadi.

## Kupika kwenye jiko

Sukari kiasi gani?

Kwa rubabu ya kuchemsha ya kawaida, nusu kilo ya mabua anza na gramu 75 hadi 100. Ionje ikiwa imeiva na imepoa kidogo ndio uongeze. Ukionja mbichi utatia sukari ya mwezi mzima. Ukitaka kupunguza sukari changanya na tunda tamu, stroberi ndio mwenzake wa kila siku, tufaha na maembe yaliyoiva pia yanakaa, na mimi tende zilizokatwakatwa naziona bora kuliko zote, zinaleta utamu wenye uzito na hazifichi uchachu. Ganda la chungwa lililokwaruzwa nalo linafanya sukari ionekane nyingi kuliko ilivyo.

Viungo: tangawizi, iliki, mdalasini, vanila. Iliki usiogope, Waswidi wanaitia kwenye maandazi yao karibu kama sisi, na kwa rubabu inaelewana vizuri. Karafuu punje moja tu, mbili inameza kila kitu.

Kila nikipika inapondeka kuwa uji, nifanyeje ibaki vipande?

Inaiva haraka kuliko watu wanavyodhani. Kwenye sufuria, vipande vya sentimita 3, vijiko viwili vikubwa tu vya maji, moto mdogo, funika, na ikifika dakika ya 6 anza kuangalia, ikilainika zima hata kama inaonekana bado kidogo maana inaendelea kuiva yenyewe. Usikoroge, tikisa sufuria.

Njia bora zaidi ni oveni. Panga vipande safu moja kwenye bakuli la kioo, nyunyizia sukari na juisi ya chungwa moja, funika, nyuzi joto 180 kama dakika 15, toa, iache ipoe humo humo bila kugusa. Vinatoka vimesimama na rojo pinki chini, ambalo usilimwage. Ila kama ni ya kupaka kwenye mkate au kuchanganya na mtindi, iache tu ipondeke, uji wake ni mtamu.

Inaweza kuingia kwenye mchuzi au ni ya vitu vitamu tu?

Inaingia, na hapa ndio ningependa watu wetu waanzie. Wairani wana mchuzi wanaouita khoresh rivas, nyama inapikwa taratibu na majani mengi ya nana na parsli yaliyokaangwa, rubabu inatiwa mwishoni dakika kama 10 ili isipotee, unaliwa na wali. Ukiupika ule utaona rubabu inafanya kazi ile ile tunayoipa embe bichi au ukwaju.

Kwa samaki wa nazi: kaanga kitunguu, saumu, tangawizi, bizari ya manjano na pilipili, tia rubabu gramu 150 iliyokatwa nyembamba, chumvi, na maji kidogo, iache iyeyuke kabisa mpaka huoni vipande. Halafu tui jepesi, samaki, na tui zito mwisho moto ukiwa mdogo sana, kwa sababu uchachu pamoja na moto mkali unalikata tui. Nyanya usitie, zote mbili ni chachu na zinagombana. Onja, ikizidi uchachu kidokezo cha sukari kinamaliza. Kwa dengu ni hivyo hivyo, tia rubabu dengu zikishaiva, kwa kuwa vitu vichachu vinachelewesha dengu kulainika.

Mbichi inalika?

Bua linalika. Watoto wengi wa Ulaya ya kaskazini wamekulia kuchovya bua kwenye sukari na kutafuna, Waafghani wanaila na chumvi. Chagua laini na jembamba, kata nyembamba sana, chumvi, pilipili ya unga, sukari kidogo, acha dakika 10. Kidogo kidogo tu, tumbo tupu linaweza kulalamika.

## Kuoka

Krambo ya rubabu inatengenezwaje?

Krambo (crumble) ni tunda lililookwa chini ya makombo ya unga na siagi, ndio pa kuanzia kwa mtu ambaye hajawahi, haina ufundi. Rubabu gramu 600 iliyokatwa, sukari gramu 100, tangawizi iliyokwaruzwa, tandaza kwenye bakuli la oveni. Juu yake unga wa ngano gramu 200, siagi baridi gramu 100, sukari gramu 80, chumvi kidogo, fikicha kwa ncha za vidole mpaka iwe kama makombo ya mkate, ukipenda shayiri bapa (oats) kiganja kimoja. Mwaga juu bila kukandamiza, ukikandamiza inakuwa zege. Nyuzi 180, dakika 35 hadi 40, mpaka uone rojo linachemka pembeni na juu pamekuwa hudhurungi. Iache dakika 10 kabla ya kuila, rojo linashika.

Keki yangu inakuwa mbichi na majimaji katikati, tatizo nini?

Maji ya rubabu. Kuna mambo matatu ya kufanya na bora ufanye yote: kata vipande vidogo vya sentimita 1 hadi 2, vichanganye na sukari kijiko kimoja uviache nusu saa kisha umimine kwenye glasi maji yaliyotoka (ni juisi hiyo, kunywa), halafu vizungushie unga kidogo kabla ya kuvitia. Usizidishe pia, keki ya sentimita 23 inabeba gramu 300 hadi 350.

Kipimo ninachokiamini: siagi gramu 150, sukari gramu 150, mayai 3, unga gramu 200, beking pauda vijiko viwili vya chai, maziwa vijiko vitatu vikubwa, iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai. Piga siagi na sukari mpaka zipauke, mayai moja moja, vikavu, maziwa, nusu ya rubabu ndani na nusu juu. Nyuzi 180, dakika 40 hadi 45. Kijiti kikichomwa kitoke hakina unga mbichi, ila kikitoka na unyevu wa rubabu usihofu. Wajerumani wanamaliza keki kama hii kwa povu la ute wa yai na sukari juu, likaoka mpaka limekauka, na ule utamu wa juu na uchachu wa chini vinapendezana sana.

Naweza kuitia kwenye mandazi au chapati?

Mandazi hapana, ukiitia kwenye donge unyevu wake unafanya yanyonye mafuta. Ipike nene kama jemu uipake pembeni. Chapati za maji ndio zinakaa, ikunje ndani na mtindi.

## Vinywaji

Juisi ya rubabu naitengenezaje bila mashine?

Kilo 1 ya rubabu iliyokatwa, maji lita 1, chemsha, punguza moto, dakika 15 mpaka ilegee yote. Chuja kwa kitambaa safi, iache idondoke yenyewe, ukikamua inakuwa na ukungu (haina madhara ni muonekano tu). Rudisha maji yale jikoni na sukari gramu 300 na juisi ya limao moja, ikiyeyuka zima. Chupa safi, frijini, maliza ndani ya wiki. Makapi changanya na mtindi.

Kunywa sehemu moja ya juisi kwa mbili au tatu za maji yenye gesi na barafu. Ujerumani hii ndio soda ya kiangazi, inauzwa kwenye mikahawa mingi. Toleo letu: chemsha na tangawizi iliyopondwa na maganda ya iliki manne, ipoze sana. Miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia Februari na Machi, ndio wakati wa ile ya pinki, na kwenye futari baada ya tende inakata kiu bila kuwa nzito kama sharubati za dukani.

Mbona yangu imetoka rangi ya majani ya chai iliyopauka?

Umetumia mabua ya kijani au umemenya. Ladha haijapungua. Tupia stroberi chache au kipande kidogo cha kiazisukari chekundu wakati wa kuchemsha, au maua ya choya makavu mawili matatu, ila choya nayo ni chachu, punguza limao.

Maziwa yanakatika nikitaka milkisheki, nifanyeje?

Kila kitu kiwe baridi kabisa, tumia rubabu iliyopikwa na sukari, na badala ya maziwa tumia mtindi, wenyewe umeshaganda hauna cha kukatika. Moto na maziwa na rubabu pamoja usijaribu.

## Kuhifadhi

Inakaa muda gani?

Frijini imezungushiwa kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko, wiki moja hadi mbili. Friza hadi mwaka: osha, kausha, kata, tandaza kwenye trei igande, ndipo utie mfukoni, isishikane kuwa jiwe moja. Ikiyeyuka inalegea, kwa hiyo kwa keki na krambo itie ikiwa bado imeganda na uongeze dakika 5 hadi 10.

Jemu yangu haigandi.

Rubabu ina pektini kidogo, kile kitu kinachofanya jemu igande. Tumia sukari maalumu ya jemu yenye pektini, au kwa kilo 1 ya rubabu na kilo 1 ya sukari ongeza juisi ya malimao mawili. Changanya rubabu na sukari ilale usiku kucha, asubuhi chemsha kwa nguvu mpaka ifike nyuzi 105. Huna kipimajoto? Weka kisahani friza, dondoshea jemu, subiri kidogo sukuma kwa kidole, ikikunjamana iko tayari. Ikikataa, rudisha jikoni, au iite sosi ya aiskrimu, wala hakuna hasara.

Na ile iliyozeeka yenye nyuzi?

Chatne. Gramu 500, kitunguu kikubwa, sukari 200, siki mililita 150, zabibu kavu kiganja, tangawizi, pilipili, chumvi, moto mdogo karibu saa moja hadi kijiko kikipita kinaacha njia. Viazi karai, bajia, sambusa, nyama choma, zote zinaipokea.

## Maswali ya pembeni

Baridi kali imepiga bustani, mabua yanalika?

Kama yamebaki magumu na kusimama, sawa. Kama yamelegea na kuwa meusi au ya majimaji, tupa, kwa sababu baridi ya namna hiyo inaweza kuhamisha asidi kutoka kwenye majani hadi kwenye bua. Mapya yatakayoota baadaye ni salama.

Navuna kwa kisu?

Shika bua chini, vuta huku unazungusha, linachomoka. Kisu kinaacha kisiki kinachooza. Mwaka wa kwanza baada ya kupanda usivune kabisa, na siku zote acha angalau nusu ya mabua.

Naweza kuipanda Dar au Mombasa?

Pwani hapana, mmea unataka baridi ya kupumzikia na joto letu linauchosha. Nyanda za juu za Kenya inalimwa, na Nairobi unaikuta kwa wauza mboga wenye wateja wa vitu kama hivyo. Wa pwani tafuteni ya friza, au mapishi yote ya mchuzi hapo juu yapikeni kwa embe bichi. Kwa juisi tumieni choya.

Nimeona mzizi wa rubabu unauzwa kama dawa, ni ile ile?

Ni jamaa zake, aina nyingine zinazotumika China tangu zamani kama dawa ya kulainisha choo, yaani ya kumfanya mtu aharishe. Nguvu yake ni kubwa kuliko bua la kupikia na haihusiani na mapishi haya. Usichimbe mzizi wa bustanini ukauchemsha, hasa kwa mjamzito au mtoto. Mwenye shida ya choo kigumu bua lililopikwa vizuri na tende linatosha kabisa.